Kitabu cha Kusomea Watoto: Mdomo Wako Utasema Nini?

Mzazi wa Bukavu akitaka kitabu cha picha cha kuwasomea watoto wadogo, swali lake la kwanza huwa hili: je, kinajulikana? Watu wengi wakikipenda kitabu, twadhani kazi ya kuchagua imekwisha. Hivyo Tintin anaingia nyumbani, na Martine anamfuata, kwani papa au mama alivisoma vitabu hivyo alipokuwa mdogo. Walakini kusoma kimoyomoyo na kusoma kwa sauti si kazi moja. Asomaye kimoyomoyo huyaacha maneno katika karatasi. Asomaye kwa sauti huyatia katika kinywa chake mwenyewe, na mtoto wa miaka minne hawezi kupambanua mambo hayo. Kwake yeye, aliyesema ni mama.

Tukitazame kwanza Tintin au Congo, kwani ndicho kitabu kinachotutaja sisi. Hergé alikichora Ubelgiji, bila kukanyaga Kongo hata siku moja. Kilitoka kidogo kidogo tangu 1930 hata 1931 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Brussels. Jambo hilo yafaa tuliseme sisi wenyewe tunaoandika katika magazeti ya misioni. Mwaka 1946 kilichorwa upya kwa rangi, na mambo kadhaa yakabadilishwa. Katika kitabu cha kwanza Tintin anasimama darasani kuwafundisha watoto Wakongo habari za nchi yao, yaani Ubelgiji! Katika cha pili anawafundisha hesabu. Lakini lugha waliyopewa Wakongo ilibaki ile ile: Kifaransa cha kuvunjikavunjika, kama cha watu wasio na lugha yao.

Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekaa Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho huko Brussels. Mwaka 2012 mahakama ilikataa mashtaka yake, ikisema kwamba kitabu hakikufanywa kwa nia ya kuchochea chuki. Basi, kupima nia ya mchoraji ni kazi ya mahakimu. Mama aketiye mkekani na watoto wake ana kazi nyingine. Afikapo ukurasa ule ambapo treni imeanguka, na mbwa Milou anawakaripia watu kwamba ni wavivu, ni lazima aseme yeye, kwa sauti yake, kwamba watu wake ni wavivu. Tena sharti auvunje ulimi wake apate kusema kama wale wa kitabuni. Watoto watacheka, nao watamcheka mama yao bila kujua.

Wako watakaosema: ruka maneno hayo, uyageuze yawe Kiswahili kizuri. Nimeyafikiri maneno yao, wala si maneno ya kijinga. Lakini picha haigeuzwi. Nyuso ni zile zile, na mwishoni wanakijiji wanaabudu sanamu za Tintin na mbwa wake. Hata pasingekuwa na dharau yoyote, kitabu hiki hakifai kusomewa kikundi cha watoto wadogo. Kila ukurasa una vipicha vingi na maneno yamo ndani ya viputo, hata mtoto wa nyuma haoni kitu, wala hajui nani anasema. Wakubwa wa darasa la sita na wakisome pamoja na mwalimu wao, wabishane naye. Hilo litawafaa.

Juu ya Martine sina mengi. Gilbert Delahaye na Marcel Marlier walimwanzisha mwaka 1954, na picha za Marlier ni nzuri sana. Lakini maneno yanaeleza tu kile ambacho jicho limekwisha kuona, na mambo ni machache mno. Ukisoma kwa sauti, watoto watalala. Labda ndivyo unavyotaka.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho ningekinunua kabla ya vingine vyote: kile cha Eric Carle cha mwaka 1969, ambacho kwa Kifaransa huitwa La chenille qui fait des trous. Kiwavi mdogo ana njaa. Siku ya Lundi anakula tunda moja, Mardi mawili, Mercredi matatu, hata Vendredi matano, na kila tunda lina tundu la kweli katika karatasi, la kuingiza kidole. Hapa Kiswahili chetu cha Kongo kinakishinda Kifaransa, tena kinakishinda Kiswahili cha pwani. Mtu wa pwani anaposema Jumatatu, kiwavi anakula tunda moja tu, na tatu imekwisha kutajwa. Hesabu inagongana masikioni mwa mtoto. Sisi husema siku ya kwanza, tunda moja. Siku ya pili, mawili. Siku ya tatu, matatu. Siku inahesabu pamoja na matunda! Na ile siku ya sita, anapokula keki, soseji, jibini na vyakula vingine hata tumbo likamwuma, wengi wetu twaiita siku ya posho. Carle hakuujua mchezo huo. Ni zawadi ya lugha yetu.

Kina taabu zake pia. Yale mapea ya Ulaya yamechorwa rangi ya majani, na mtoto wa Bukavu atayaita avoka. Mwache ayaite avoka. Kwa siku ya posho ni vigumu zaidi: vyakula ni kumi, na baadhi yao hata msomaji mwenyewe hajapata kuvionja. Ningevitaja vile vijulikanavyo, na vingine ningevionyesha kwa kidole tu.

Cha pili ni cha John Kilaka, mchoraji wa Tanzania afuataye mtindo wa Tingatinga, kijulikanacho kwa Kiingereza kama Fresh Fish. Sokwe ni mvuvi, na Mbwa ana tamaa ya samaki zake. Mtoto aliyewaona wanawake wakipeleka sambaza sokoni Kadutu hahitaji maelezo. (Sambaza wenyewe walitoka Tanganyika, waliletwa katika ziwa Kivu miaka ya 1958 hadi 1960.) Wanyama wamevaa nguo na wanafanya kazi, wala hakuna anayedharauliwa kwa lugha yake. Kosa lake ni kwamba picha zimejaa mno: msomaji ataka kufungua ukurasa, na watoto bado wanatazama. Basi angoje.

Neno moja kwa walimu wa watoto wadogo. Ukigeuza kitabu cha kigeni papo hapo, leo utasema hivi na kesho vile, na watoto watakukaripia, kwani wao hushika maneno kuliko sisi. Yaandike maneno yako kwanza katika kikaratasi, kwa Kiswahili kinachosemwa mtaani kwenu. Yasome kwa sauti ukiwa peke yako, ufute kila neno linalokukwama mdomoni, kisha ukibandike kikaratasi hicho chini ya picha. Gundi ya unga wa muhogo yatosha.