Miguu ya Calloway, uani Mwananyamala

Shuka lilikuwa na kiraka, na kila upepo ulipopita Betty Boop alivimba kiuno. Hakuna aliyelalamika. Watoto walikaa mbele mkekani, sisi wakubwa nyuma kwenye mabenchi yaliyoazimwa kibanda umiza cha jirani, na kijana mwenye projekta akituonyesha katuni za Betty kutoka Fleischer Studios, zile za kabla ya Julai 1934, Hollywood ilipoanza kuzikagua filamu zake kwa ukali.

Minnie the Moocher ya mwaka 1932 haianzi na mchoro. Inaanza na Cab Calloway mwenyewe mbele ya bendi yake, anarudi kinyumenyume kwa miguu inayoteleza, utadhani sakafu imemwagiwa mafuta. Baadaye, ndani ya pango, linatokea zimwi nene lenye meno marefu kama ya ndovu, linaimba kwa sauti ya Calloway. Mtoto mmoja mkekani akasema, "Si yule wa mwanzo huyu?"

Ndiye. Tangu 1917 Max Fleischer alikuwa na hataza ya mtambo uitwao rotoskopu. Filamu ya mtu halisi inamulikwa chini ya kioo, picha moja inasimamishwa, mchoraji anaweka karatasi juu yake na kuufuata mwili kwa penseli. Kisha picha inayofuata, na inayofuata. Dakika moja tu ya filamu ina picha 1,440. Mkono ukiteleza kidogo kwenye goti, goti litarukaruka ukutani na kila mtu ataliona.

Lakini kunakili ni nusu ya kazi, pengine nusu rahisi. Calloway alikuwa mwembamba; zimwi lile ni pipa. Mchoraji aliuvua mwendo kwenye mwili mmoja akauvika mwingine, na uzito bado unaangukia kisigino kilekile. Ukipita Morogoro Stores, Oysterbay, utawakuta mafundi wa Tingatinga wakingoja rangi moja ikauke ndipo waweke nyingine. Subira naijua kwao. Hii ya kumchora mtu mmoja mara elfu ili apige hatua chache, kusema kweli, inanitisha.

Kwenye Snow-White ya 1933 jina la mchoraji ni moja tu, Roland Crandall. Koko, chale wa katuni hizi, anageuzwa mzuka wa miguu mirefu anayeimba kwa sauti ileile ya Calloway; katikati ya wimbo anakuwa chupa ya pombe, anakuwa sarafu kwenye mkufu, na mdundo haukatiki. Tulimwambia kijana arudishe. Akarudisha.

Sikuzifurahia zote. Katika nyingine ya 1932, kichwa cha Louis Armstrong kinaelea hewani kikiwafukuza mbwa Bimbo na Koko porini, kimefanywa cha mla watu. Tarumbeta yote ile, na ndivyo walivyomwona! Ukaguzi ulipokaza, kilichohangaikiwa kwa Betty ni gauni. Likashushwa.

Mara ya tatu tulipoomba Koko arudishwe, mwenye kibanda akaja kuchukua mabenchi yake, mechi inaanza. Tukasimama. Mbele yetu yule mtoto alikuwa ameshavua ndala, anajaribu kurudi kinyumenyume mchangani, na mchanga unamkatalia.