Fundi Asiye na Haraka

"Sistimu imekwama." Maneno hayo husikika kwenye kaunta za Embu, Chuka, Nkubu, Meru na Maua, na anayeyasema huwa amemaliza: aliye kwenye foleni arudi kesho. Kwa fundi wa mtandao, hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu bado hajaambiwa kitu. Huenda tingatinga limekata faiba kando ya barabara. Huenda seva iliyoko Nairobi imezidiwa. Huenda betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ya karani imekufa, umeme ukakatika na kurudi, mashine ikaamka ikidhani tuko mwaka 2009, na sasa inakataa kila cheti cha usalama kwa kuwa kwa hesabu yake hakijaanza kutumika. Karani haoni tofauti yoyote kati ya hayo matatu. Anachoona ni skrini iliyoganda. Ustadi ninaousifu hapa ni wa kulichukua lalamiko lisilo na sura na kuligeuza, hatua kwa hatua, kuwa jambo linaloweza kupimwa.

Tuanze na njia yenyewe. Karani wa hospitali mjini Maua akitafuta jina la mgonjwa, ombi lake hutoka kwenye kompyuta, hupita swichi na ruta ya jengo, huingia kwenye faiba au hurushwa kwa mnara, hufika Meru, na kutoka hapo huteremka hadi kituo cha data Nairobi. Huko hupokewa na kigawanya mzigo, yaani seva ya langoni inayoamua ni seva gani kati ya zilizo nyuma yake italihudumia. Seva hiyo nayo huuliza hifadhidata, kisha jibu huanza safari ya kurudi mlimani. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka Meru hadi Nairobi na kurudi ni kazi ya milisekunde chache tu. Fundi aliyeshika hesabu hii kichwani akiona milisekunde 150, hashangai wala halaumu kompyuta ya mtu: anashuku mara moja kwamba ombi limevuka bahari hadi Ulaya ndipo likarudi.

Kuvuka bahari ili kumfikia jirani ndiyo iliyokuwa kawaida yetu. Hadi mwanzoni mwa karne hii, barua pepe kati ya Wakenya wawili waliotumia kampuni tofauti za intaneti ilipanda setilaiti, ikafika ng'ambo, ikarudi. Kampuni hizo zilikubaliana kukutanisha nyaya zao Nairobi, na Novemba 2000 zikafungua kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP. Mdhibiti wa mawasiliano alikifunga Desemba mwaka huohuo baada ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, kulalamika. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Ripoti ya shirika la Internet Society ya 2012 ilieleza kwamba muda wa safari ya data za ndani ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Na ile ya 2020 ilionyesha kuwa sehemu ya data inayomalizia safari yake nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70. Mwaka 2015 seva za M-Pesa nazo zilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Mkulima wa miraa kule Igembe aliendelea kupokea pesa zake bila kujua kwamba mashine zinazomlipa zimebadilisha bara. Kazi hii ikifanywa vizuri, asiyehusika hana habari nayo.

Chombo cha kwanza cha fundi ni maswali, na kuuliza vizuri ni nusu ya kazi. Msikilize aliyebobea akiongea na karani kwa simu. "Pole, dada. Ilianza lini? Ni wewe peke yako au ofisi nzima? Ukurasa mwingine unafunguka? Kwenye skrini imeandikwa nini, nisomee neno kwa neno." Kila swali linafunga mlango mmoja. Ikiwa ofisi nzima imekwama lakini ofisi ya ng'ambo ya barabara iko sawa, seva haina hatia. Ikiwa imeandikwa 502, lango lilimfikia mhudumu wa nyuma, likapewa jibu lisiloeleweka. Ikiwa 503, huduma imezidiwa au imefungwa kwa muda. Ikiwa 504, lango lilingoja jibu hadi likachoka. Tarakimu hizo tatu, ambazo wengi huzifunga kwa hasira, kwake ni ushahidi.

Kisha huuliza swali ambalo watu hawapendi kulijibu: mmebadilisha nini tangu jana? Jibu la kwanza karibu kila mara ni "hakuna". Fundi mstaarabu habishani. Hungoja kidogo, huuliza kwa namna nyingine, na baadaye hutajwa ruta mpya, au kampuni mpya ya intaneti iliyokuja na bei nafuu, au kijana aliyepita kuongeza kamera za ulinzi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika mitandao, mabadiliko yaliyofichwa huumbuka wakati watu wamejaa kwenye foleni.

Baada ya maswali huja kupima, na hapa kuna jambo ambalo wazee wa miradi ya maji wa Imenti wangelitambua mara moja. Bomba linaloteremsha maji kutoka msitu wa Mlima Kenya likiacha kutoa maji huku chini, fundi wake hafukui kilomita zote. Huenda katikati na kufungua vali. Maji yakiwapo hapo, kasoro iko chini. Yasipokuwapo, iko juu. Huigawa tena nusu iliyobaki, na tena, hadi abaki na kipande anachoweza kukifukua kwa jembe. Fundi wa mtandao hufanya vivyo hivyo kwa njia ya ombi. Ana ping, iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss Desemba 1983, inayouliza mashine ya mbali kama inasikia. Ana traceroute ya Van Jacobson, inayotaja kila ruta iliyopitiwa. Ana vifaa vya kunasa pakiti zenyewe na kuzisoma moja moja. Na faiba ikikatika, kuna kipimo kinachotuma mwanga ndani yake na kusikiliza mwangwi wake, kikamweleza kwamba ufa uko mita kadhaa kutoka alipo, ili aende na mashine ya kuunganisha nyuzi zilizo nyembamba kuliko tambi ya taa, kila moja ikiwa na unene wa mikromita 125.

Zipo kasoro ambazo hata ping huzikosa, na hizo ndizo zinazotenganisha fundi na mbahatishaji. Chukua ofisi iliyohamia kampuni mpya ya intaneti. Ping inajibu. Tovuti nyingi zinafunguka. Lakini mfumo mmoja tu, ule unaohitajika kuliko yote, unabaki mweupe. Mbahatishaji atawasha na kuzima ruta, atabadilisha kivinjari, mwishowe atalaumu wenye mfumo. Fundi anauliza jambo ambalo halimjii mtu haraka: je, pakiti kubwa zinapita? Anatuma pakiti ya baiti 1,500 na kukataza isikatwe vipande; haipiti. Anapunguza kidogo kidogo. Baiti 1,492 zinapita, 1,493 zinakwama. Tofauti ya baiti 8 inamweleza kila kitu: kampuni hiyo huwaingiza wateja wake kwa njia inayofunga kila pakiti ndani ya bahasha ya baiti 8, hivyo nafasi imepungua. Seva ya mbali inatuma kurasa zake kwa pakiti zilizojaa, zinafika mahali pembamba, zinatupwa. Ujumbe wa kuiambia seva "punguza" unarudishwa, lakini ukuta wa usalama wa upande wa pili unauzuia. Seva inatuma tena kwa ukubwa uleule, na tena. Fundi anaandika mstari mmoja kwenye ruta ya ofisi, unaozitaarifu seva zote tangu mwanzo wa mazungumzo kwamba mzigo wa kila pakiti usizidi baiti 1,452. Ukurasa unafunguka. Aliyemtazama ataona mtu aliyeandika mstari mmoja. Hataona saa mbili za kutogusa kitu.

Upande wa pili wa kazi hii uko Nairobi, langoni, anapokaa anayegawa mzigo. Kugawa kwa zamu, wewe hiki, wewe kile, ni rahisi. Ugumu huja pale seva moja inapougua bila kufa. Lango huuliza kila seva baada ya sekunde chache: uko hai? Swali likiwa jepesi, seva iliyokatika na hifadhidata yake hujibu "niko hai" kwa uaminifu kabisa, nayo inaendelea kupewa watu na kuwarudisha mikono mitupu. Kibaya zaidi, kwa kuwa kushindwa ni kwepesi kuliko kufanya kazi, seva hiyo huonekana kuwa na nafasi kuliko wenzake, na lango linalotafuta asiye na kazi nyingi huimiminia watu zaidi. Fundi makini huandika swali zito: nisomee kumbukumbu moja kutoka kwenye hifadhidata, ndipo nitaamini. Lakini hulipima pia swali hilo, lisije likawa mzigo wenyewe.

Halafu kuna hesabu ya foleni, iliyoanzishwa na Mdenmaki Agner Krarup Erlang alipokuwa akichunguza simu za Copenhagen. Andiko lake la kwanza lilitoka mwaka 1909. Katika foleni ya kawaida ya mhudumu mmoja, seva yenye kazi kwa nusu ya muda wake hulikawiza ombi mara 2 ya muda ambao lingechukua likiwa peke yake. Ikifika asilimia 80, ni mara 5. Asilimia 90, mara 10. Asilimia 95, mara 20. Ndiyo maana mfumo uliokuwa ukienda vizuri asubuhi huonekana umeanguka ghafla saa nne, ingawa watu walioongezeka ni wachache. Siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa, au tarehe 30 Juni ambayo ni mwisho wa kuwasilisha hesabu za kodi, Kenya nzima huupanda mwinuko huo kwa pamoja.

Julai 2023 tuliona mwinuko wa kutengenezwa. Rais alikuwa amezindua huduma za serikali zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen mwishoni mwa Juni. Tarehe 27 Julai, Waziri Eliud Owalo alithibitisha kwamba mfumo huo umeshambuliwa kwa kurundikiwa maombi kupita kiasi, akasema hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Kujilinda na rundo la namna hiyo kunaonekana rahisi: zuia anwani zinazouliza mno. Lakini kampuni zetu za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiifunga anwani kwa pupa, unaweza kumzuia mshambuliaji mmoja pamoja na simu za nusu ya mji. Anayelinda lango lazima ajue watu wake wanavyofika, si namba tu.

Somo kubwa kuliko yote la kujizuia lilitoka California. Oktoba 1986, mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, sehemu mbili zilizo umbali wa yadi 400, ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila kompyuta iliyokosa jibu ilituma tena, na kutuma tena kukawa ndiko kunakoziba njia. Jacobson, yule wa traceroute, alikaa akachunguza, kisha akazifundisha kompyuta kuanza polepole na kupunguza zinapohisi msongamano. Kila simu iliyoko Runyenjes au Siakago leo hufuata adabu hiyo kila inapofungua ukurasa.

Fundi mwema naye huifuata. Habadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja, maana hatajua ni kipi kilichoponya. Huhifadhi nakala ya mpangilio kabla ya kugusa. Huandika alichokifanya, saa aliyokifanya, na namna ya kukirudisha kilivyokuwa. Akitaka kuitoa seva kazini, huliambia lango lisiipe watu wapya, akangoja waliomo wamalize, ndipo azime.

Vijana wa kazi hii hawako mbali nasi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu, kilichoipata 2016, vinafundisha kompyuta papa hapa mlimani. Serikali za kaunti, tangu zilipoanza mwaka 2013, zimenunua mifumo ya mapato na ya hospitali. Ziwaajiri na wa kuitunza, ziwalipe hata katika miezi ambayo hakuna kilichoharibika, kwa sababu miezi hiyo ndiyo kazi yao. Na wewe uliye kwenye kaunta, sistimu ikikwama tena, usiishie kusema imekwama. Andika saa, taja mahali, nakili maneno yaliyo kwenye skrini, ndipo upige simu.