Kelele Njema, Kelele za Bure

Anayeuliza kama Kampala iliwahi kuwa na punk mara nyingi anatafuta kitu ambacho hakikuwapo: vijana wenye nywele za miiba, gitaa tatu na chumba cha chini ya ardhi, mwaka 1977. Mwaka ule London walikuwa na punk. Sisi tulikuwa na Idi Amin, na Februari yake aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Kupiga kelele kwa hiari ilikuwa anasa. Muziki wa chini kwa chini wa mji huu ulichelewa miongo kadhaa, na ulipokuja haukuja na gitaa. Ulikuja na ngoma za Buganda, kompyuta za mkononi, spika zilizopasuka na watu waliochoka kungoja redio iwaruhusu. Gitaa zipo pia, tusidanganyane: Vale of Amonition wamekuwa wakipiga metali yao nzito ya pole pole hapa Kampala kwa miaka mingi, mbele ya wasikilizaji wachache wasiobadilika. Lakini si huko mji ulikopata sauti yake.

Naishi Mulago, bondeni, hospitali ikiwa juu yetu. Wageni wanaokuja na majina ya wasanii wa lebo ya Nyege Nyege Tapes kwenye simu zao huniuliza swali moja: hii ni nzuri, au ni kelele tu? Swali la haki kabisa. Baadhi yake ni kelele tu.

Kabla ya kununua chochote, panda hadi Jumba la Makumbusho pale Kira Road, mwendo mfupi kutoka kwetu, ukaombe kusikia amadinda. Ni marimba ya mbao kumi na mbili. Wapigaji wawili wanaketi wakitazamana juu ya mbao zile zile; mmoja anaanza, wa pili anaingiza pigo lake katika mwanya ulioachwa na mwenzake, sawia, bila kuyumba. Wa tatu anakaa mwishoni na mbao mbili tu, akiokota sauti fulani na kuzirudia kwa juu. Wimbo unaousikia haupigwi na yeyote kati yao, unazaliwa katikati. Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji wa Kabaka, mfalme wa Buganda, alifanya kazi hapo makumbusho akiwaonyesha watu jambo hili enzi za msimamizi wake, Klaus Wachsmann. Mei 1966 jeshi likavamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, naye akakimbia, na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Elimu yao ikabaki mikononi mwa walimu wa shule na vikundi vya utamaduni vya mitaani.

Sasa weka Nihiloxica. Kundi hili lilianza 2017, pale wapigaji wa Nilotika Cultural Ensemble walipokutana na Waingereza wawili, Spooky-J kwenye dramu na pq kwenye sinthesaiza. Chukua albamu yao ya 2020, Kaloli, yenye jina la yale makorongo makubwa ya jalalani ambayo kila mkazi wa Kampala anayajua kwa harufu. Kipimo cha kwanza: fanya kama sinthesaiza haipo. Fuata ngoma peke yake. Namunjoloba, ile ndogo ya fimbo, ikate kwa juu bila kupiga mayowe. Empuunyi ishike chini. Halafu tafuta engalabi, ile ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge na kupigwa kwa viganja. Ngozi ya kenge ni kavu na nyembamba. Kiganja kikigusa ukingo hutoa mlio mfupi mkali, kikigusa katikati kinatoa mvumo unaozimika mapema. Katika rekodi nzuri unazitofautisha sauti hizo mbili hata pale sinthesaiza inapounguruma. Katika rekodi mbaya engalabi imegeuka kuwa tofali: pigo moja, rangi moja, mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi kosa si la mpigaji. Ni la fundi aliyeona ngoma ya Kiafrika akafikiri kazi yake ni besi.

Ukishaijua mianya ya mapigo, kama ile ya amadinda, utaanza kuwatambua matapeli. Wapo wengi, hasa Ulaya, wanaochukua sekunde nane za ngoma ya bakisimba, wakazikata na kuzizungusha juu ya mdundo wa klabu usiojali chochote. Bakisimba huhesabiwa kwa tatu ndani ya mbili, na hapo ndipo kiuno cha mchezaji kinapopata kazi. Mdundo wa klabu hupiga nne zilizonyooka. Viwili hivi vinaweza kuishi pamoja, lakini mmoja lazima amsikilize mwenzake. Ukisikia ngoma inanyooshwa kwa nguvu ili itoshee, zima.

Kipimo cha pili ni mkwaruzo, na hapa watu wengi wenye masikio mazuri hupotea. Mkwaruzo si kasoro wala si sifa. Swali ni kama umechaguliwa. Duma ni mfano wangu wa siku zote: Martin Khanja na Sam Karugu, vijana waliotoka kwenye metali ya Nairobi, wakaja Kampala kurekodi, na albamu yao ikatoka Agosti 2020. Kwa mara ya kwanza utadhani spika yako imeharibika. Isikilize tena ukiwa umepunguza sauti hadi karibu na mnong'ono. Kelele za bure zikipunguzwa hubaki mvuvumo kama redio iliyokosa stesheni. Duma ikipunguzwa inabaki na mifupa: mapigo ya mashine yana mpangilio, gitaa linaingia na kutoka kwa wakati wake, na ukelele wa Khanja unapanda kutoka tumboni, si kooni. Mlio wa kooni huchoka baada ya nyimbo mbili, nawe unachoka pamoja nao. Angalia pia kama mkwaruzo unabadilika. Ukiwa wa kiwango kile kile dakika zote, mtu amebonyeza kitufe akaenda kunywa chai.

Kwa rapa, kipimo ni konsonanti. MC Yallah ana Luganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na Luganda humpa silaha ambayo Kiswahili hakina: konsonanti zinazobanwa mara mbili, kama katika ggwanga au ttaka. Zikipigwa sawasawa zinafanya kazi ya dramu, na mtayarishaji mwenye akili huziachia nafasi. Debmaster alifanya hivyo kwenye Kubali, 2019; kuna sehemu mdundo unajiondoa kabisa ili mdomo ubebe wimbo. Yallah akihamia Kiswahili inambidi atafute njia nyingine, kurefusha irabu na kuchelewa kidogo nyuma ya mdundo. Ana ujasiri pia, kwani wazee wengi wa hapa hukikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Rapa anayesikika sawa katika lugha zote nne hajaijua hata moja.

Singeli, muziki wenye kasi kali, nitaipitia haraka, maana Dar es Salaam wanaweza kujisemea. Kasi si ubora. Kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa 2017 mdundo unakimbia vibaya sana, lakini msimulizi amekaa juu yake ametulia, hadithi yake inaeleweka. Msimulizi akianza kukimbizana na mashine, mashine itashinda.

Brian Bamanya anahitaji onyo. Yeye ndiye Afrorack: alijifunza mwenyewe, na kwa kuwa sinthesaiza za moduli zinazotoka nje zina bei ya kuumiza, akajitengenezea yake hapa Uganda kwa vipande alivyoweza kupata. Kila makala huanzia hapo na nyingi huishia hapo, kana kwamba umaskini ni ala ya muziki. Usimpe mtu alama kwa sababu alikosa. Mpime kwa albamu yake ya 2022: namna mistari miwili yenye urefu tofauti inavyoachwa izunguke hadi ikutane, kisha iachane tena. Ni akili ile ile ya amadinda, safari hii kwenye nyaya. Hiyo ndiyo sababu ya kuinunua.

Jukwaani mambo ni mengine, na sisi tulikaa muda mrefu bila jukwaa. Baa na kumbi zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Januari 2022, na wengi waliokuwa wakipiga wakati ule waligeukia kazi nyingine. Ukipata usiku wa kundi la ANTI-MASS, usisimame mbele ya spika. Simama pembeni, karibu na ukuta, uangalie miguu. Authentically Plastic wa kundi hilo, aliyetoa albamu ya Raw Space 2022, hupenda midundo isiyotaka kukaa pamoja. Kwa dakika chache za kwanza watu hawajui waanzie wapi. Akiwa na siku njema, utaona kila mtu ameshika mdundo wake na ukumbi mzima unacheza. Akiwa na siku mbaya, watu wanasimama na simu. Umeme ukikatika kwa Nihiloxica, ndipo utajua ulilipia nini: ngoma hazihitaji jenereta, na kundi lililozoeana halitangoja iwashwe.

Kipimo cha mwisho ni hasira, kwani bila hasira hakuna punk ya aina yoyote. Hasira nzuri ina anwani. Source of Denial, ambayo Nihiloxica waliitoa 2023, imelenga mfumo wa viza unaoamua ni mpigaji gani avuke mpaka na nani abaki. Haihubiri, inabana, inakawia, inakurudisha ulikotoka, kisha inabana tena. Kama umewahi kupanga foleni ya ubalozi na bahasha ya taarifa za benki kwapani, anza na hii, Kaloli baadaye.