Mbu Juu ya Ncha ya Karatasi

Mji wa Kale wa Mombasa haukupungukiwa na mafundi: wamo wachonga milango, wamo masonara, wamo washonao kofia kwa uzi mwembamba, lakini iko kazi moja ya mikono ambayo haina duka wala baraza, nayo yastahiki kutajwa kwa taadhima sawa na hizo, yaani kazi ya kumkausha mdudu mdogo na kumsimamisha juu ya pini ili adumu miaka mia, viungo vyake vikiwa timamu. Naisifu kwa kuwa fahari ya fundi wake imo katika kile alichoacha kukigusa.

Panzi na kipepeo huchomwa pini kifuani, basi. Mbu hastahimili hayo, maana pini hiyo humpasua. Kwa hiyo fundi hukata karatasi ngumu pembetatu nyembamba, urefu wake yapata milimita 8, akapitisha pini penye upana wake, akaikunja ncha kidogo kwa koleo, akaipaka gundi isiyozidi chembe, kisha akaigusisha na ubavu wa kuume wa mbu. Gundi ikizidi hutambaa hata miguuni ikafunika alama. Ikipungua, mbu hudondoka siku sanduku la kumhifadhia litakapotikiswa. Ubavu wa kushoto huachwa safi, kwa ajili ya jicho la mtu mwingine, pengine ambaye bado hajazaliwa.

Thamani ya uangalifu huo huonekana Rabai, nje ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara. Huko aliishi mbu aitwaye *Aedes aegypti* kwa sura mbili: mmoja mweusi, wa mwituni, azaaye katika matundu ya miti yanayotuama maji ya mvua, na mwingine wa rangi iliyofifia, aliyezoea mitungi ya ndani ya nyumba na kuipenda zaidi damu ya binadamu. Wote wawili wana alama nyeupe mgongoni mfano wa kinubi. Mtaalamu P. F. Mattingly, alipoandika mwaka 1957, aliwapambanua kwa magamba meupe ya pingili ya kwanza ya tumbo, ambayo yule mweusi hanayo. Magamba, si zaidi! Nayo hung'oka kwa mguso wa kidole, tena mbu akitiwa katika spiriti hupukutika; hivyo mkono wa pupa waweza kumgeuza wa nyumbani akadhaniwa wa mwituni, na asiwepo wa kuutambua uongo huo. Wala haya si mambo ya anasa ya wasomi, kwani mbu wa jinsi hii ndiye aenezaye chikungunya, iliyozuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, na homa ya dengi iliyowaangusha watu wa Mombasa mwaka 2013.

Hali ya hewa ya pwani nayo ni hasimu wa kazi hii. Wakati wa masika unyevu huingia kila mahali, ukungu ukamea juu ya mbawa, na sisimizi, wakipata mwanya mdogo kabisa, humla mbu wakaacha pini tupu. Sanduku lazima lifunge barabara, litiwe naftalini, nalo likaguliwe mara kwa mara.

Chini ya mbu, juu ya pini ile ile, huchomwa cheti kidogo. Wengi hukiona kama nyongeza, nami nakiona kuwa nusu ya kazi, maana mbu asiyejulikana alikotoka hamfai mtafiti hata akiwa mzima kiasi gani. Kuandika "Mombasa" hakutoshi. Yaandikwe mtaa, na kama alikamatwa chumbani au kando ya birika, na tarehe, na jina la aliyemkamata, kwa wino usiochujuka, kwa herufi ndogo lakini zisomekazo. Laiti vijana wa mitaa yetu wangefundishwa kuviandika vyeti hivyo wenyewe, kwa maana wao ndio wajuao birika lipi hukauka kiangazi na lipi halikauki mwaka mzima.