Kile Kinacholiwa na Mwali

Chora mraba wa milimita 20 kwenye kompyuta, ukate kwa leza, kisha pima kipande kilichotoka. Huenda ukapata milimita 19.8. Kilichopungua kimeliwa na mwali, ambao hugeuza ubao kuwa moshi kila unapopita. Upana wa mkato hutegemea lenzi, nguvu, mwendo na ubao wenyewe, kwa hiyo fundi makini huupima kabla ya kukata chochote cha maana. Hukata miraba kumi ya namna hiyo, huipanga ikagusana, na kuipima yote kwa pamoja. Ikifika milimita 198 badala ya 200, hugawanya upungufu kwa kumi: mkato una upana wa milimita 0.2.

Naipenda sana kazi hii ya kupima. Ni ya taratibu, na maungio yote ya baadaye huitegemea. Ubao unaouzwa kama wa milimita tatu unaweza kuwa na 2.7, au kuvimba kidogo kwa unyevu. Ukitaka vipande viwili viingiane na kushikana bila gundi wala msumari, tundu lazima libane kiasi: upana wake ukizidi kidogo, kiungo kinacheza, ukipungua kidogo, ubao unapasuka. Ndiyo maana hukatwa kwanza kipande cha majaribio chenye matundu yanayopishana upana kwa sehemu ya kumi ya milimita. Mkono hujaribu moja baada ya jingine, hadi lile linaloingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa.

Hapo ndipo uchoraji wa vigezo unapoonyesha thamani yake. Mchoraji haandiki kwamba tundu lina 2.8. Anaandika kwamba tundu ni unene wa ubao kutoa upana wa mkato. Kesho akiletewa akriliki ya milimita tano, anabadilisha unene na upana wa mkato mahali pamoja tu, na kila tundu, kila ulimi, kila nafasi kati yake hujipanga upya. Wazo la mchoro unaoshika masharti lilikuwa tayari ndani ya Sketchpad, programu aliyoionyesha Ivan Sutherland huko MIT mwaka 1963. Katika chuo hichohicho, Neil Gershenfeld alianzisha mwaka 1998 somo la kutengeneza karibu kitu chochote, na kutoka humo yakakua mafunzo ya Fab Academy. Huko wanafunzi hutakiwa kubuni seti ya vipande vya kuunganisha, kwa vigezo, wakihesabu na mkato wa mwali. Zoezi linaonekana la kitoto mpaka ulifanye. Kulichora upya ili litegemee uhusiano badala ya namba humlazimu mtu aeleze, hatua kwa hatua, kwa nini kila mstari uko pale ulipo.

Si kila kitu hukatwa kwa mwali: vinili haiingii kwenye leza kamwe. Ni PVC, na ikiungua hutoa kloridi ya hidrojeni, gesi inayochoma mapafu na kutia kutu mashine. Yenyewe hukatwa kwa kisu, kwenye mashine zinazokata stika za vioo vya daladala na matatu. Ncha ya kisu hicho haikai katikati ya mhimili wake. Huburutwa nyuma kidogo na kujigeuza kufuata njia. Programu ni lazima ijue umbali huo, la sivyo kona zote hutoka mviringo. Shinikizo nalo huwekwa likate vinili yote na kuacha alama hafifu tu kwenye karatasi ya chini. Kisha huanza kazi ya kibano: kung'oa mabaki, kutoa tumbo la kila «o» na «a», pole pole, herufi isije ikanyanyuka pamoja na taka. Stika ya kubandikwa kwa ndani ya kioo hukatwa ikiwa imegeuzwa, ili abiria aliye nje aisome.

Kisu hichohicho, kikipewa karatasi nyembamba ya shaba yenye gundi, hukata njia za umeme za saketi inayopindika. Hapo mwendo hupunguzwa na shinikizo hujaribiwa upya tangu mwanzo, maana shaba huchanika kwenye kona kali, na mchoro wenye vigezo humruhusu fundi kuzilainisha kona zote kwa kubadilisha namba moja.