Haki ya Msikilizaji: Ushuhuda na Hukumu katika Mazungumzo ya Wapenzi wa Nyimbo za Roki

Wapenzi wa nyimbo za roki za zamani wanapokutana, mazungumzo yao hufuata desturi moja. Wa kwanza hutaja wimbo na kuapa kwamba haujapata kuwako mwingine mfano wake. Wa pili hukana, akataja wa kwake. Wa tatu hajali ni upi ulio bora. Huanza kueleza alikuwa wapi siku alipousikia kwanza, redio ilikuwa ya nani, nani alikuwa kando yake, na gari lilikuwa likipita njia ipi. Toka hapo mashindano husahauliwa na kila mtu huleta kumbukumbu yake. Mwanachuoni asikiaye maneno hayo huelekea kuyadharau, kwa sababu aliuliza habari za wimbo naye akapewa habari za maisha ya mtu.

Dharau hiyo haina msingi. Wimbo haukutungwa ili ukae kimya katika karatasi. Ulitungwa uingie masikioni, na hakuna awezaye kueleza jinsi ulivyoingia ila mwenye sikio. Hata hivyo, katika mazungumzo hayo mna mambo mawili ambayo hapana budi yatenganishwe. La kwanza ni ushuhuda, yaani habari ya yale ambayo wimbo ulimtendea msikilizaji. La pili ni hukumu, yaani kauli juu ya wimbo wenyewe: una maana gani, na ni mzuri kwa kiasi gani. Shahidi na hakimu wana kazi mbalimbali, na baraza ambalo shahidi huketi katika kiti cha hakimu haliwezi kutoa haki. Mapenzi ya nyimbo hizi aghalabu hupotoka hapo.

Sababu ya kuchanganyika kwa mambo hayo si ngumu kuiona. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameonyesha kwamba mtu mzima akitakiwa kukumbuka maisha yake, miaka iliyo baina ya kumi na thelathini ya umri wake humletea kumbukumbu nyingi kupita miaka mingine. Basi mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi na sita mwaka 1971, Led Zeppelin walipotoa “Stairway to Heaven”, huelekea kusema kwamba muziki uliofuata baadaye ni makapi. Aliyekuwa na umri huo mwaka 1984 husema vivyo hivyo juu ya miaka yake. Wimbo huo wa Led Zeppelin una urefu wa dakika nane, wala wakati ule haukuuzwa Marekani katika santuri yake peke yake; lakini wasikilizaji wa redio waliuomba mwaka hata mwaka. Kudumu huko ni jambo la kweli lililo nje ya kumbukumbu ya mtu mmoja, na mhakiki ana haki ya kulihesabu. Lakini mpenzi asemapo kwamba ni wimbo bora kupita zote, yafaa ikumbukwe methali isemayo kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo haimlaumu apendaye. Yaonyesha tu kwamba mapenzi yamebadili jina la kitu. Kazi ya mhakiki ni kulijua jina la kwanza.

Ugumu huzidi pale mpenzi anapopita sifa akaingia katika maana. Nyimbo tatu zaweza kutumika kulipima jambo hilo. Katika wa kwanza maneno hayasikiki. Katika wa pili yasikika, lakini mtungaji hakuyafafanua. Katika wa tatu yasikika na yaeleweka, lakini wengi hawakuyasikiliza.

Wimbo wa kwanza ni “Louie Louie”. Mtungaji wake, Richard Berry wa Los Angeles, aliutoa katika santuri mwaka 1957. Habari yake ni nyepesi: baharia amweleza mtu aitwaye Louie juu ya mpenzi wake aliyeko ng'ambo, na juu ya safari ya baharini itakayomrudisha kwake. Mwaka 1963 kundi la vijana wa Portland, The Kingsmen, waliuimba upya. Mwimbaji alipiga kelele, vyombo vilimfunika, na maneno yakawa kama ya mtu asemaye na chakula kinywani. Kwa kuwa hayakusikika, vijana walijitungia ya kwao, yakaandikwa katika vikaratasi na kupitishwa mkono kwa mkono. Nayo yalikuwa machafu. Mwaka 1964 mzazi mmoja alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Robert Kennedy, na Gavana wa Indiana, Matthew Welsh, alivitaka vituo vya redio viache kuupiga wimbo huo. Wapelelezi wa FBI waliichunguza santuri, wakaizungusha kwa kasi mbalimbali, na mwishowe wakakiri kwamba maneno yake hayakuweza kufahamika kwa kasi yoyote.

Mtaalamu wa lugha hapati ajabu katika kisa hicho. Sikio halipokei sauti tupu. Akili hujaza pengo kwa maneno iliyokwisha kuwa nayo. Mwaka 1954 mwandishi wa Marekani, Sylvia Wright, aliyapa makosa ya namna hii jina la “mondegreen”, kutokana na maneno ya utenzi wa kale aliyoyasikia visivyo utotoni. Wapenzi wa roki hufurahia sana makosa hayo. Katika “Bad Moon Rising”, wimbo wa Creedence Clearwater Revival wa mwaka 1969, John Fogerty aonya juu ya mwezi wa nuksi unaochomoza. Wasikilizaji wengi wakasikia kwamba choo kiko upande wa kulia, kwa kuwa sauti za maneno hayo mawili ya Kiingereza zakaribiana. Fogerty mwenyewe amepata kuimba choo hicho jukwaani kwa mzaha. Hapo kosa la msikilizaji halikumdhuru mtu, na mwenye wimbo alilikubali kama zawadi. Lakini waliosikia uchafu katika “Louie Louie” hawakutoa ushuhuda wa wimbo. Walitoa ushuhuda wa nafsi zao, kisha wakautaka uwe hukumu, hata serikali ikaingia kazini. Baharia wa Richard Berry hakuwa na hatia yoyote, ila hakuna aliyemsikia.

Wimbo wa pili ni “Bohemian Rhapsody” wa kundi la Queen, uliotolewa mwaka 1975. Una urefu wa karibu dakika sita, wala hauna kiitikio. Waanza kwa sauti za watu bila ya vyombo, waingia katika maungamo ya kijana amwambiaye mama yake kwamba ameua mtu, wageuka kuwa tamthilia ya kuimbwa, walipuka kwa magitaa, kisha wazimika taratibu. Mtangazaji Kenny Everett wa London aliupiga mara kumi na nne katika mwisho wa juma mmoja kabla haujaanza kuuzwa, nao ulikaa mbele ya nyimbo zote za Uingereza kwa majuma tisa. Maana yake? Mtungaji wake, Freddie Mercury, alikataa kuieleza hadi alipofariki mwaka 1991. Aliwaachia wasikilizaji wafikiri na kuamua wenyewe. Nao wameamua kwa namna nyingi. Wengine wauona kuwa ni ungamo la siri za nafsi yake, wengine kuwa ni mchezo wa sauti usio na maana ya ndani.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili pana jambo moja zaidi. Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi; yeye alipelekwa kusoma India, na jamaa yake walihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Katikati ya tamthilia ya wimbo huo, baina ya majina ya Kitaliano, lasikika neno “Bismillah”. Mpenzi wa London alilisikia kama sauti ngeni iliyotiwa kwa ajili ya mapambo. Mpenzi wa Mji Mkongwe husikia nyumbani. Husema kwamba mtoto aliyekulia katika vichochoro vile hakuwa Mwislamu, lakini neno hilo hakulikosa kila siku, nalo lilimfuata hata Uingereza.

Ushuhuda huo ni wa thamani, na pengine ni wa kweli. Lakini yafaa uchunguzwe kabla haujawa hukumu. Katika matumizi ya Kiswahili “Bismillahi” ni neno la kufungulia: hutangulia tonge la kwanza, hatua ya kwanza ya safari, mstari wa kwanza wa utenzi. Katika wimbo huo halifungui chochote. Latoka katikati ya ugomvi, vinywani mwa wale wasiotaka kumwachilia kijana, kama kiapo cha kukataa. Kwa hiyo neno ni la nyumbani, lakini matumizi yake si ya nyumbani. Awezalo kulisema mhakiki ni kwamba mtungaji alikuwa na neno hilo karibu alipolihitaji. Hawezi kusema kwamba wimbo ni habari ya Unguja. Hata hivyo, mpenzi wa Mji Mkongwe hakufanya kosa kuusikia hivyo. Mtungaji aliyenyamaza kwa hiari aliuacha mlango wazi, na kila aingiaye ameruhusiwa. Watu wa pwani waijua desturi hiyo tangu zamani, kwa maana mtungaji wa fumbo hatarajiwi kulifumbua mwenyewe.

Wimbo wa tatu ni “Born in the U.S.A.” wa Bruce Springsteen, uliotolewa mwaka 1984. Hapa hapana fumbo wala kelele ya kufunika maneno. Beti zake zaeleza habari za mtu wa mji wa kimaskini aliyepelekwa kupigana Vietnam. Arudipo hapati kazi kiwandani, na ofisi ya askari waliostaafu haimfai. Ndugu yake amekufa huko vitani, na yeye mwenyewe amebaki bila ya mahali pa kukimbilia. Kiitikio charudia tu kwamba alizaliwa Marekani, na baada ya beti hizo maneno hayo ni malalamiko: hivi ndivyo nchi imtendeavyo mwanawe. Lakini kiitikio kina ngoma nzito na sauti ya kupanda, nacho hurudiwa, ilhali ubeti hupita mara moja. Mamilioni walikishika kiitikio wakauacha ubeti. Wimbo wa uchungu ukawa wimbo wa majivuno, ukapigwa penye bendera na mikutano ya siasa. Mwezi Septemba mwaka huohuo Rais Ronald Reagan, akihutubia Hammonton, New Jersey, alimtaja Springsteen kuwa ni mtu ambaye nyimbo zake zimebeba ujumbe wa matumaini. Siku chache baadaye, jukwaani Pittsburgh, mwimbaji alishangaa ni santuri gani ambayo Rais aipenda, kisha akaimba “Johnny 99”, habari ya mfanyakazi aliyefukuzwa kiwandani akaishia gerezani.

Yawezekana kusema kwamba mpenzi wa kiitikio ana haki yake sawa na mpenzi wa Mji Mkongwe. Ikiwa kumbukumbu yake ni ya usiku wa furaha uwanjani, rafiki zake wakiimba kwa sauti moja, nani wa kumwambia kwamba hakufurahi? Hakika hakuna. Furaha yake ni ushuhuda, na ushuhuda haukanushwi. Lakini tofauti ya nyimbo hizo mbili ni kubwa. Mercury alinyamaza, Springsteen alisema. Tena yeye alisema kwa niaba ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa wa kubuniwa tu: askari waliorudi Vietnam wakakosa kazi walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwamo miongoni mwa wasikilizaji. Msikilizaji asemapo kwamba wimbo huo wasifu fahari ya nchi, hamnyang'anyi mtungaji wimbo wake peke yake. Amnyang'anya askari malalamiko yake, tena kwa kutumia sauti iliyotungwa kumtetea.

Hapo ndipo mpaka wa haki ya msikilizaji unapoonekana. Pasiposikika maneno, msikilizaji ajaze apendavyo, mradi asimtwike mwimbaji yale aliyoyajaza. Penye fumbo lililoachwa wazi, afumbue kwa kadiri ya maisha yake, ila asikatae kwamba mwenzake amefumbua vingine. Bali penye maneno yaliyo wazi yabebayo shida ya mtu, hapana budi ayasikilize kwanza, ndipo alete kumbukumbu yake. Methali yasema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa jambo hili methali hiyo yapasa kukataliwa, kwa sababu asiyejua maana ndiye hasa apasaye kuambiwa, na wa kumwambia ni mhakiki.

Kumwambia si kumharibia. Katikati ya miaka ya 1990 Springsteen aliuimba wimbo huo kwa gitaa moja, pasipo ngoma wala kiitikio cha kuinua mikono, na waliokuja kwa ajili ya kelele walilazimika kufuata beti. Hakuna sababu ya kudhani kwamba aliyefahamu usiku ule alipoteza kumbukumbu ya ujana wake. Rafiki walibaki rafiki, na uwanja ulibaki uwanja. Kilichoongezeka ni mtu mmoja katika kumbukumbu hiyo: askari ambaye miaka yote alikuwa akiimba humohumo, nao wote walikuwa hawajamsikia.