Mtihani katika Fasihi ya Wanawake wa Dunia

Somo lo lote la Chuo Kikuu hujulikana kwa mambo mawili: orodha ya vitabu vinavyosomwa, na karatasi ya maswali inayofunga mwaka. Orodha hujadiliwa kwa hamasa, maana ndani yake mna majina ya watu na ya nchi, na kila mwalimu ana wake awapendao. Karatasi ya maswali haipati bahati hiyo. Aghalabu hutungwa kwa haraka, kwa kuitazama ya mwaka uliopita, kisha hufungiwa kabatini. Walakini mwanafunzi, ambaye si mjinga kama tunavyomdhania, huisoma orodha kwa jicho la karatasi. Kitabu hukisoma kadiri atakavyoulizwa. Basi anayetaka kujua kama somo la fasihi ya wanawake wa dunia limefundisha kitu, na aanze kwa kuyatazama maswali yake.

Historia yetu ina habari katika jambo hili. Tangu mwaka 1949 Makerere iliwatayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, na Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza katika uhusiano uo huo. Mwaka 1968, pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza iondolewe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya mafunzo. Madai yao yalizaa matunda. Orodha zilibadilika, na baadaye wakaingia wanawake waliokuwa wakikosekana: Flora Nwapa, Ama Ata Aidoo, Mariama Bâ, Nawal El Saadawi, na wa kwetu Penina Muhando. Kwa maoni yangu, lakini, kilichobadilika ni chakula. Chungu ni kile kile. Swali linalomtaka mtahiniwa ajadili jinsi mwandishi alivyomchora mwanamke laweza kuwekwa mbele ya kitabu cho chote, na jibu lake laweza kuandikwa bila ya kitabu hicho kufunguliwa.

Na tutwae mfano wa riwaya ya Mariama Bâ iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1980, na ambayo kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, mjane wa Dakar, anamwandikia shoga yake Aissatou. Waume wao wote wawili waliongeza mke. Aissatou aliondoka na wanawe, Ramatoulaye akabaki. Jibu la kawaida hupanga safu mbili: Aissatou ni mwanamke huru, Ramatoulaye ni mtumwa wa mila. Jibu hilo ni jepesi kusahihisha, na hupata alama nzuri.

Twende polepole. Aliyepewa kalamu ni yule aliyebaki, na anaandika akiwa edani. Mwanafunzi wa Lamu, Tanga au Unguja hana haja ya kuelezwa eda ni nini. Anaijua miezi minne na siku kumi, nyumba iliyotulia baada ya matanga, saa ndefu ambazo mjane hana pa kwenda ila kumbukumbu zake. Barua inazaliwa humo, na urefu wake ni urefu wa eda. Mwanafunzi huyo atatambua pia jambo ambalo vitabu vingi vya mwongozo havilisemi. Tamsir, kaka wa marehemu, anakuja mara tu baada ya arubaini, eda ingali haijaisha, kutangaza kwamba atamwoa Ramatoulaye. Ukali wa jibu la mjane una dini nyuma yake pamoja na hasira. Baadaye anamkataa hata Daouda Dieng, mtu mwema aliyempenda tangu ujana, kwa sababu Daouda ana mke. Mtumwa wa mila gani huyu? Safu mbili hazina mahali pa kukuweka kukataa huko, na msahihishaji aliyefungwa na mwongozo wa alama hana cha kumpa mwanafunzi aliyekuona. Naam, huyo ndiye aliyesoma, na ndiye anayepata hasara.

Hasara hiyo huzidi tunaporudi nyumbani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kiasi cha mwaka 1858, huingia darasani ukiwa umekwisha kuhukumiwa. Kundi moja lasema ni hati ya utumwa wa mke, kundi la pili lasema ni hazina ya adabu, na yote mawili yamekata shauri kabla ya kufika beti za katikati. Ni wachache wanaouliza ni nani anayesema. Ni mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siu aliyeshindana na Sayyid Said, naye anamwambia binti yake kwa mamlaka ya mtu anayejua kuwa siku zake zimehesabiwa. Ni wachache zaidi wanaoona jinsi wosia unavyomwacha mume na kugeuka kuwa dua, na jinsi mtunzi anavyowaita wanawake wenziwe wausome. Benjamin Bloom na wenzake, katika kitabu chao cha 1956 juu ya malengo ya elimu, waliweka hukumu juu kabisa ya ngazi, baada ya kujua, kuelewa, kutumia, kuchambua na kuunganisha. Maswali yetu humrusha mwanafunzi hadi kidato cha juu, kisha twashangaa kwamba hakanyagi cho chote.

Mwaka 1929 I. A. Richards wa Cambridge alichapisha habari za jaribio lake la kuwapa wanafunzi mashairi yasiyo na majina ya watunzi. Waliteleza vibaya, hata waliosifika kwa elimu. Dawa hiyo ni kali, na kwa somo letu ina kasoro: kuliondoa jina la mwanamke ni kurudia walilofanyiwa wengi kabla yake. Lakini Charlotte Brontë mwenyewe alikitoa kitabu chake cha Jane Eyre mwaka 1847 kwa jina la Currer Bell, na wasomaji wa siku zile wakabishana kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo napendekeza mtihani wa hatua mbili. Kwanza mwanafunzi apewe ukurasa mmoja usio na jina, aseme nani anasema, kwa nani, na kwa maneno gani hasa anajua hivyo. Karatasi ikusanywe. Kisha apewe jina, nchi na mwaka, aandike ni kitu gani kimebadilika katika usomaji wake na kwa nini. Alama nyingi ziwe za hatua ya pili.

Jane Eyre hufaa pia kwa swali la namna nyingine. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alimtwaa yule mke kichaa aliyefungiwa darini katika kitabu cha Brontë, akampa utoto Jamaika na jina la Antoinette. Mwanafunzi na aonyeshe mahali katika kitabu cha kwanza ambapo Rhys aliuona ufa wa kupitia. Kwa swali hilo daftari la mwenzake halitamsaidia.

Nitaambiwa kwamba madarasa ni makubwa na wasahihishaji ni wachache. Ni kweli, lakini kurasa mbili za usomaji wa makini husomwa upesi kuliko kurasa nane za mahubiri. Nitaambiwa pia kwamba alama zitakuwa za upendeleo. Upendeleo tunao sasa: anayekubaliana na imani ya msahihishaji juu ya haki za wanawake hupanda, asiyekubaliana hushuka. Msichana anayemtetea Mwana Kupona asipoteze alama hata moja maadamu ametaja beti zake, wala kijana anayemsifu El Saadawi asipate hata moja kwa sifa tupu. Insha zisomwe na wawili, mmoja wao awe hakufundisha somo hilo. Wakitofautiana, mwanafunzi aitwe, kitabu kiwekwe mezani, aulizwe kwa mdomo.